Nyuki Wametoka Mapema: Siku Zangu Uingereza, Februari 2019

Nimerudi Sikonge, mkoani Tabora, tangu mwanzoni mwa Machi, ila kazi za mizinga hazikunipa nafasi ya kukaa chini niandike. Sasa mvua zinaaga, nimelitoa daftari na picha za simu nikaanza kuzipanga siku kwa siku. Wengi mliniuliza baridi ya Ulaya nimeionaje. Kwa kweli sikuiona, na hilo ndilo lililonikosesha raha safari nzima.

Sababu ya kwenda ni mdogo wangu Zainabu, anayeishi London upande wa mashariki. Alijifungua Januari. Mama miguu haimruhusu tena safari ndefu, basi nikatumwa mimi, mjomba mtu, na mzigo wa khanga, karanga na asali.

Jumatano, 20 Februari. Heathrow hadi East Ham

Basi la Tabora hadi Dar lilikula siku nzima, nauli sh. 48,000. Nikalala Ubungo kwa jamaa, ndege ikapita Addis Ababa usiku. Hapo sina cha kusimulia.

Niliyojiandalia ni barafu. Nilinunua koti zito la mitumba kwa sh. 40,000, soksi za sufu, na kofia inayofunika masikio. Nimetoka kituo cha East Ham saa nne asubuhi nikakuta jua linawaka, kijana kavaa fulana, na kina mama wamefungua makoti vifungo vyote. Jasho lilinitiririka mgongoni nikiburuta begi. Zainabu alicheka mpaka mtoto akaamka.

Kisha akanionyesha picha kwenye simu yake. Mlango huohuo, ngazi hizohizo, theluji imefika usawa wa goti. "Hii ni mwaka jana, kaka, wiki kama hii hii. Walimwita Mnyama kutoka Mashariki." Upepo wa Urusi ulifika mwisho wa Februari 2018, treni zikasimama, shule zikafungwa. Nilitazama picha, nikatazama dirisha, nikarudi kwenye picha.

Kwa atakayekuja: ukitua uwanja wa ndege wa Heathrow usichukue teksi. Panda treni ya Piccadilly, shuka Hammersmith, vuka jukwaa tu upande wa pili (hupandi ngazi) kisha panda ya District kwenda mashariki. Asubuhi ya msongamano ilinitoka kama pauni 5 kwa kadi ya benki. Pauni 1 nilikuwa nimeipata kwa sh. 3,000 na ushee. Asali ya zawadi inaruhusiwa hadi kilo 2 kwa msafiri. Yangu ilikuwa chupa mbili zenye uzito wa chini ya hapo, na sikuulizwa, ila angalia kanuni upya kabla hujafunga mzigo wako.

Alhamisi, 21 Februari. Nyuki wa kwanza

Nilitoka asubuhi kutembea bustani ya Central Park, si ile ya Marekani, hii ni ya East Ham. Kwenye majani chini ya miti isiyo na jani hata moja, maua ya zambarau na ya njano yalikuwa yamefunguka, mafupi kama kidole. Yanaitwa krokasi. Nikapita. Halafu nikasikia ile sauti.

Ninafuga nyuki mwaka wa ishirini na mbili huu, mizinga ya magome niliyorithi na ya mbao niliyochonga mwenyewe. Sauti ile siwezi kuikosea hata usingizini. Nikachuchumaa. Nyuki kibarua mmoja alikuwa amezama ndani ya ua hadi kiunoni, anajigaragaza. Alipotoka alikuwa amejaa unga wa rangi ya chungwa, akaning'inia hewani, akajipangusa kwa miguu ya mbele na kuusukuma ule unga nyuma, kidogo kidogo, mpaka vikapu vya miguu ya nyuma vikawa viwili kama punje za mtama. Kisha akaondoka kwa mstari ulionyooka, mzito, kuelekea nyumba za nyuma ya uzio.

Mfugaji anajua maana yake. Nyuki akibeba chavua hivyo, nyumbani kuna majana, yaani watoto wa nyuki, ya kulisha. Malkia ameanza kutaga. Na palipo na majana pana kazi ya kuwapa joto la nyuzi 34 au 35 usiku na mchana, na kuni ya joto hilo ni asali iliyowekwa tangu kiangazi chao. Februari!

Mzee mmoja wa Kiingereza mwenye kofia ya kitambaa alisimama pembeni yangu. Nadhani alidhani nimedondosha kitu. Nikamwonyesha ua lenye nyuki mwingine. Akachuchumaa naye, magoti yakalia, akasema, "Huenda ni wa kwangu." Kiingereza changu cha sekondari kilitosha kumwambia kazi yangu. Akaniuliza kama kesho nina nafasi.

Jioni taarifa ya habari ilisema Aboyne, kaskazini-mashariki mwa Scotland, pamefika nyuzi 18.3, na rekodi ya Februari ya Scotland iliyokuwepo tangu 1897 imevunjwa. Zainabu alikuwa anasonga ugali. Unga, bamia na mihogo vyote vinapatikana Queen's Market pale Upton Park, hatua chache kutoka kwake, kwa hiyo msijitwishe unga kutoka nyumbani.

Ijumaa, 22 Februari. Mizinga miwili ya mzee

Waingereza wana vishamba vya kukodi katikati ya mji, vipande vidogo vyenye vibanda vya zana, na ndiko mzee anakofuga. Ana mizinga miwili tu, ya masanduku, imekaa juu ya matofali ikitazama jua la asubuhi.

Kanieleza mambo niliyoyasoma lakini sijawahi kuyaona. Majira ya baridi nyuki wao hawatoki. Wanajikusanya kama mpira kumzunguka malkia, wa nje wanaingia ndani na wa ndani wanatoka nje kwa zamu, wanatetemesha misuli kupata joto, wanakula polepole. Kundi linahitaji kilo kama 20 za asali kuvuka hadi maua yarudi. Baridi ikiwa ya kweli wanatulia na chakula kinadumu. Joto likija katikati wanaamka, wanaruka, wanaanza kulea watoto, ghala linashuka haraka. Baridi ikirudi Machi inawakuta na watoto wengi na sega tupu.

"Inua," akaniambia.

Huufungui mzinga wakati huu. Unashika ukingo wa nyuma kwa mkono mmoja na kuuinua kidogo, kama anayetaka kuchungulia chini ya gunia la mahindi, uzito wenyewe unakuambia. Wa kwanza ulikataa kuinuka. Wa pili uliinuka kama sanduku la nguo. Tulitazamana. Alikuwa ameuwekea juu ya viunzi (fremu zinazoshika sega) donge la sukari laini, jeupe, mfano wa kinyunga cha maandazi, na tulipochungulia lilikuwa limeliwa zaidi ya nusu.

Nikamfungulia chupa ya asali ya kwetu, ya mtundu na muba. Alichovya ncha ya kijiko, akafumba macho, akakaa kimya muda mrefu. Akauliza miti hiyo inachanua mwezi gani. Nilipomwambia mtundu huanza kama Septemba, akatoa daftari mfukoni akaandika. Daftari lile lina miaka mingi ya tarehe: krokasi ya kwanza, chura wa kwanza kutaga kwenye kidimbwi, kipepeo wa kwanza wa njano. Aliniambia hakubuni yeye. Mwenye mashamba mmoja wa Norfolk, Robert Marsham, alianza kuandika dalili za machipuko mwaka 1736, na ukoo wake ukaendeleza mpaka 1958. Siku hizi shirika la misitu, Woodland Trust, linakusanya tarehe kama hizo kutoka kwa watu wa kawaida nchi nzima.

Nilijisikia vibaya. Marehemu baba alijua tarehe zote hizo za Sikonge na hakuna aliyeziandika, nikiwemo mimi.

Jumamosi, 23 Februari. Treni hadi mwisho wa reli

Kulwa, kijana wa Urambo anayesomea kilimo Aberystwyth, pwani ya Wales, alikuwa ameniita tangu nikiwa nyumbani. Tiketi niliikata mapema mtandaoni, pauni 47 kwenda na kurudi. Euston hadi Birmingham, kisha treni ya pili hadi mwisho wa reli. Kipande kimoja reli ilikuwa inatengenezwa, tukashushwa na kupandishwa basi, tukachelewa saa moja na nusu. Dada mmoja aliyekaa nami akanigawia nusu ya mkate wake wa jibini bila kuniuliza kama nina njaa. Nilikuwa nayo.

Angalizo: treni hii hukatwa vipande viwili Machynlleth. Mabehewa mengine yanakwenda Aberystwyth, mengine yanapanda kaskazini hadi Pwllheli. Sikiliza tangazo, uliza, kaa behewa lako.

Jumapili, 24 Februari. Kwelea wa Aberystwyth

Mchana tulitembea ufukweni, watu wamekaa kwenye kokoto wamevua viatu. Tulinunua samaki na chipsi za kumwagia siki, pauni 8, tukala wawili. Jua lilipokuwa linazama ndege wakaanza kuja kutoka bara, kundi baada ya kundi, mpaka juu ya gati kukawa na wingu. Ni kwezi, maelfu kwa maelfu, wanalala chini ya mbao za gati majira yote ya baridi. Wanajikunja, wanajinyoosha, wanageuka pamoja. Aliyewahi kulinda mtama dhidi ya kwelea-kwelea anajua umbo lile, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayepiga debe. Watu walisimama kimya hadi ndege wa mwisho alipoingia.

Usiku baridi ilinishika kweli. Mbingu nyeupe kwa nyota, asubuhi nyasi zina sakitu, umande ulioganda.

Jumatatu, 25 Februari. Baiskeli hadi Trawsgoed

Kulwa aliazima baiskeli mbili. Mtu wa Tabora humwambii mara mbili. Kuna njia inayofuata reli ya zamani kando ya mto Ystwyth, tulivu, sehemu kubwa haina magari, kilomita kama 15 hadi Trawsgoed. Vibao ni vya lugha mbili na barabarani wameandika ARAF, yaani polepole. Saa tatu nilikuwa na koti. Saa tano nililifunga nyuma ya baiskeli. Saa saba nimebaki na shati, mikono nimekunja.

Kwenye vichaka vyenye maua ya njano yanayonukia nazi (wanaviita gorse, vina miiba kama sindano) nyuki walikuwa wengi kuliko nilivyopenda. Nikamwona na yule nyuki mnene mwenye manyoya, malkia peke yake, anazunguka chini kwa chini akitafuta tundu la kuanzisha ukoo. Huyo hana ghala wala vibarua, ametoka usingizini na mafuta ya mwili wake tu.

Miiba hiyohiyo ikanipa pancha. Tulisukuma baiskeli hadi nyumba ya shamba. Mama mwenye nyumba hakutuuliza tumetoka wapi, aliuliza kama tumekunywa maji. Mumewe akaziba pancha, yeye akaleta chai na vikeki vya bapa vyenye zabibu kavu, vya moto kutoka kwenye bati. Wana-kondoo walikuwa wanarukaruka nyuma yetu. Alisema majani yanaota kama Aprili, kondoo wananenepa, kila mtu anafurahi, na yeye halali vizuri. Nikamwambia hata mimi. Nilijaribu kumshukuru kwa Kiwelshi, *diolch*, akanirekebisha ile sauti ya mwisho mara tatu, mpaka ikatoka.

Kulwa alinichorea kwenye vumbi joto lilipotoka. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulikuwa umekaa juu ya bara la Ulaya, unavuta hewa ya vuguvugu kutoka kusini, upande wa visiwa vya Canary na Afrika Kaskazini. Hewa ile ikipanda milima ya kati ya Wales na kushuka upande wa pili, inazidi kukauka na kupata moto. Nikamwambia hilo nalijua, ni kama unavyoiacha milima yenye mvua ukafika Same kukavu.

Usiku tukasikia: Trawsgoed, nyuzi 20.6. Mara ya kwanza tangu Uingereza ianze kupima kufikisha nyuzi 20 katika majira ya baridi. Rekodi ya zamani ilikuwa 19.7, Greenwich, Februari 1998. Tulikuwa palepale tunaziba pancha.

Jumanne, 26 Februari. Moshi kwenye televisheni

Siku ya kurudi, treni bila tatizo. London watu walikuwa wamevua mashati kwenye majani, foleni ya aiskrimu imevuka barabara. Rekodi ya jana ilidumu siku moja tu: Kew, magharibi ya London, ilifika 21.2.

Siwalaumu waliokuwa wanalifurahia jua. Mimi nilikaa mbele ya televisheni na mtoto kifuani. Saddleworth Moor, karibu na Manchester, ilikuwa inawaka moto usiku, mistari myekundu mlimani, palepale palipoungua Juni 2018. Ashdown Forest kusini nako pamewaka. Edinburgh, kilima cha Arthur's Seat, moto pia. Nimezima moto wa pori zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, nimepoteza mizinga kumi na minne usiku mmoja, lakini wetu huja Agosti, Septemba, wakati wake. Zainabu alizima televisheni akasema tukalale.

Jumatano, 27 Februari. Ndani ya mzinga wa chuma

Zainabu alitaka kutoka, tukaenda bustani za Kew. Kutoka East Ham ni District moja kwa moja, hubadilishi, ukiangalia tu iwe imeandikwa Richmond. Tiketi ya kuingia ni nafuu ukiikata mtandaoni. Kama hamtaki treni, basi la London mwaka 2019 lilikuwa pauni 1.50 na ndani ya saa moja ulipanda mengine bila kulipa tena.

Niliyoifuata mimi ni kazi ya msanii Wolfgang Buttress, mzinga wa alumini wenye kimo cha mita 17, uliokuwa Milan kwenye maonyesho ya dunia ya 2015 kabla ya kuletwa Kew. Ndani zimefungwa taa 1,000. Taa na sauti zote zinafuata mtetemo wa nyuki halisi walio kwenye mzinga mwingine hapohapo bustanini. Nyuki wakitulia, mzinga wa chuma unanyamaza. Wakichangamka, unawaka.

Chini yake kuna mahali unapoweka kijiti cha mbao kati ya meno na kukigusisha, na mtetemo unapita mfupani hadi sikioni. Nikauma kijiti. Nilisikia nyuki ndani ya kichwa changu, si masikioni, ndani hasa, kwenye taya na nyuma ya macho. Vile ndivyo baba alivyonifundisha kusikiliza: unaegemeza shavu kwenye gome, unafunga mdomo, unasubiri. Machozi yalinitoka nikiwa nimeuma kijiti na watoto wa shule wanasubiri zamu. Mwalimu wao akawarudisha nyuma kidogo, akanipa nafasi, hakusema kitu.

Tuliketi baadaye karibu na miti iliyokwisha kufungua machipukizi. Mtoto alilala bila kofia. Taa za mzinga zilikuwa zinameremeta mchana ule kwa namna ambayo mhudumu alisema hajaizoea mwezi wa pili.

28 Februari hadi 3 Machi

Alhamisi mawingu yakaja. Ijumaa na Jumamosi nilikuwa nyumbani kufua, kupika, kubembeleza mtoto. Jumapili ikafika dhoruba waliyoipa jina Freya, upepo na mvua, maua meupe ya miti ya barabarani yakaishia kwenye mifereji.

Nilikwenda kumuaga mzee hivyohivyo na mwavuli uliogeuka. Tuliegemeza masikio kwenye masanduku, tukagonga kwa kidole. Mzinga mzito ulijibu *shwaaa*, ukanyamaza, ndivyo unavyotakiwa. Mwepesi ulijibu kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Akaongeza donge la sukari, akafunga, akaweka tofali jingine juu ya kifuniko kwa ajili ya upepo. Kisha akanionyesha daftari: tarehe 21 Februari, chavua ya krokasi, na pembeni jina langu, limeandikwa sawasawa herufi zote.

Jumatatu, 4 Machi, na baadaye

Heathrow, Addis, Dar, basi. Koti nililiacha kwa Zainabu, atapata wa kumpa.

Wiki iliyopita amenitumia ujumbe wa mzee. Mzinga mwepesi ulinyamaza katikati ya Machi, aliufungua akawakuta wameingiza vichwa kwenye vyumba vya sega, wamekufa wakilamba. Mzito una viunzi sita vya majana, na Mei ataugawa uzae kundi la pili. Ameuliza siku mtundu utakapochanua Sikonge. Nimenunua daftari, nimelifunga kwa kamba kwenye mlango wa stoo pamoja na kalamu, na nimewaambia vijana wangu wote kwamba atakayeliona ua la kwanza aandike tarehe kabla hajaja kuniita.